Namna ya kufuatilia miswada ya wanawake wa jamii za asili waliopotea na kuuawa, Marekani na Kanada

Agosti 2017, Savanna LaFontaine-Greywind, binti wa miaka 22 wa taifa la Spirit Lake, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, aliuawa mjini Fargo, North Dakota, akiwa na mimba ya miezi minane. Oktoba mwaka huohuo Seneta Heidi Heitkamp wa jimbo hilo alipeleka bungeni muswada uliobeba jina lake, Savanna's Act. Desemba 2018 Seneti iliupitisha bila pingamizi, kisha ukafia kwenye Baraza la Wawakilishi kwa sababu mwenyekiti wa kamati ya masuala ya sheria, Bob Goodlatte, hakukubali uendelee. Januari 2019 maseneta Lisa Murkowski na Catherine Cortez Masto waliurudisha kwa namba mpya. Ulitiwa saini ukawa sheria tarehe 10 Oktoba 2020.

Aliyekuwa akifuatilia namba ya kwanza peke yake aliandika "umekufa" akafunga daftari. Aliyeanza kufuatilia siku ya saini aliandika "umepita", naye akafunga. Wote wawili waliliacha jambo njiani. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuliendea mpaka mwisho: mwanafunzi, mwandishi wa habari, mtafiti, mwanaharakati, au mkazi wa miji kama Fargo, Minneapolis na Winnipeg, ambako wasemaji wengi wa Kiswahili wamehamia na sasa ni majirani wa jamii hizi, na baadhi yao tayari ni wapiga kura.

Hatua ya 1: Jua nani ana mamlaka wapi

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, jiulize: mwanamke akipotea mahali hapa, nani anawajibika kumtafuta, na nani ana uwezo wa kumfikisha mahakamani aliyemdhuru? Marekani jibu linaweza kubadilika ukivuka barabara tu. Ndani ya ardhi ya kabila unaweza kukuta polisi wa kabila, maofisa wa BIA, yaani idara ya serikali kuu inayoshughulikia makabila, pamoja na FBI, wapelelezi wa serikali kuu, na kwingine polisi wa jimbo. Sheria ya mwaka 1885 iliipa serikali kuu mamlaka juu ya makosa makubwa kama mauaji yanayofanywa na mwenyeji wa asili ndani ya ardhi hizo. Sheria ya Umma namba 280 ya mwaka 1953 ikahamishia mamlaka kama hayo kwa baadhi ya majimbo, yakiwemo California, Minnesota na baadaye Alaska. Halafu mwaka 1978, katika kesi ya Oliphant, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mahakama za makabila haziwezi kumshtaki kwa jinai mtu asiye mwenyeji wa asili.

Maana ya uamuzi huo ni nzito. Mwanamume kutoka nje aliweza kumpiga mkewe ndani ya ardhi ya kabila, na hakimu wa kabila asiwe na la kumfanya. Iliwachukua Wamarekani miaka 35 kuanza kuziba pengo hilo. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, ilipohuishwa mwaka 2013, iliyaruhusu makabila kushtaki watu wa nje kwa ukatili wa nyumbani. Ilipohuishwa tena Machi 2022, yaliongezwa makosa ya ukatili wa kingono, kunyemelea mtu, usafirishaji haramu wa watu kwa ajili ya ngono na ukatili dhidi ya watoto. Miezi michache baadaye, Juni 2022, Mahakama ya Juu ikageuza mambo tena katika kesi ya Castro-Huerta kwa kuyapa majimbo nafasi ya kushtaki watu wasio wenyeji wa asili wanaowadhuru wenyeji ndani ya ardhi za makabila.

Kwa hiyo kila muswada unaoufuatilia, andika mstari mmoja: unagusa mamlaka ya nani? Kabila, jimbo au serikali kuu? Muswada usiojibu swali hilo mara nyingi ni wa kutoa pole tu. Na usifuatilie bunge pekee. Hukumu moja inaweza kubadilisha uzito wa sheria uliyoiweka kwenye orodha yako mwaka mzima.

Hatua ya 2: Tafuta kwa majina yote

Hapa ndipo watu wengi hupoteza miswada. Vuguvugu lenyewe lina vifupisho vingi, vyote vikianza na MMI, yaani "Missing and Murdered Indigenous": MMIW kwa wanawake, MMIWG ukiongeza wasichana, MMIP kwa watu wote, MMIR kwa "jamaa", na MMIWG2S unaojumuisha watu wa roho mbili, yaani wale wa jamii za asili ambao jinsia yao haiingii kwenye mgawanyo wa mwanamume na mwanamke peke yake. Kanada wanatumia pia kifupisho kirefu, 2SLGBTQQIA+, kinachowataja watu wa roho mbili pamoja na makundi mengine ya jinsia na mwelekeo wa kimapenzi. Lakini maandishi ya sheria za Marekani kwa kawaida hayatumii hata kimoja kati ya hivyo. Yanatumia "Indian", "Indian Tribe", "Tribal" na "Alaska Native", kwa kuwa ndiyo maneno ya sheria tangu zamani. Ukitafuta "Indigenous women" peke yake utapata matamko mengi na sheria chache.

Tengeneza orodha ya maneno ya kutafutia kwa Kiingereza, uipitishe yote kila mara. Ongeza maneno ya jirani: NamUs, yaani hifadhidata ya taifa ya watu waliopotea na miili isiyotambuliwa, pia polisi wa makabila, usafirishaji haramu wa binadamu, na tahadhari za dharura. Uhuishaji wa mwaka 2022 wa sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, nilioutaja hapo juu, ulipita ukiwa ndani ya sheria kubwa ya matumizi ya serikali. Aliyekuwa anasubiri muswada huo usimame peke yake kwa jina lake aliupita bila kuuona.

Kisha soma jinsi muswada unavyomtaja mtu. Je, umesema wanawake na wasichana tu? Umewataja watu wa roho mbili? Unawahusu wanaoishi mijini, au waliomo ndani ya ardhi za makabila pekee? Wengi wa wenyeji wa asili wa Marekani wanaishi mijini. Taasisi ya Urban Indian Health Institute ya Seattle ilipochunguza miji 71, katika ripoti ya mwaka 2018, ilikuta kesi 506 za wanawake na wasichana waliopotea au kuuawa. Ripoti hiyohiyo ilitoa takwimu ambayo imenukuliwa bungeni mara nyingi: mwaka 2016 kulikuwa na taarifa 5,712 za wanawake na wasichana wa jamii za asili waliopotea, lakini 116 tu ndizo zilizokuwa kwenye hifadhidata ya Wizara ya Sheria. Mwanamke wa mjini aliyeandikwa polisi kuwa mzungu au Mlatino hayumo kwenye hesabu. Mtu wa roho mbili aliyeandikwa kwa jina na jinsia asiyoitambua naye hayumo. Sheria isiyowataja haitawahesabu.

Hatua ya 3: Tenga azimio na sheria

Kila mwaka ifikapo Mei 5 utaona habari kwamba Seneti ya Marekani "imepitisha" jambo. Aghalabu ni azimio la kuitambua siku hiyo. Tarehe hiyo ni siku ya kuzaliwa ya Hanna Harris, mwanamke wa Northern Cheyenne aliyeuawa Montana mwaka 2013, na azimio la kwanza lilikuwa la mwaka 2017. Azimio lina heshima yake, na familia zililipigania. Lakini halimlazimishi mtu kufanya kitu wala halitoi hata senti.

Kanada ni vilevile. Mei 2023 Baraza la Wawakilishi la huko, kwa hoja ya mbunge Leah Gazan, lilikubaliana kwa kauli moja kwamba vifo na kupotea kwa wanawake hawa ni dharura ya kitaifa, likataka uanzishwe mfumo wa tahadhari uitwao Red Dress Alert. Kauli moja! Lakini ilikuwa hoja. Fedha za kuanza zilionekana kwenye bajeti ya mwaka 2024: dola milioni 1.3 za Kanada kwa miaka 3, kwa majaribio ya kimkoa, Manitoba ikiwa mbele.

Kwenye jedwali lako la miswada, kila muswada ukiwa na mstari wake, weka safu ya "aina": azimio, hoja, muswada, sheria, agizo la rais, kanuni ya wakala wa serikali. Usizichanganye. Kanuni nazo zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Agosti 2024 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliidhinisha alama mpya kwenye mfumo wa tahadhari za dharura kwa ajili ya watu waliopotea na walio hatarini, na jambo hilo halikuhitaji kura ya bunge.

Hatua ya 4: Fungua ukurasa wa muswada, usome vitu kwa mpangilio huu

Kwa Bunge la Marekani tumia congress.gov, ya bure na rasmi. Namba inayoanza na S imetoka Seneti; H.R. imetoka Baraza la Wawakilishi. Namba bila toleo la Bunge haina maana, kwa sababu kila Bunge jipya huanza kuhesabu upya. Savanna's Act ilikuwa S.1942 katika Bunge la 115, na S.227 katika Bunge la 116. Kila Bunge ni miaka 2. La 119 lilianza Januari 2025, na chochote kisichopita hadi Januari 2027 kinakufa chote, hata kama kilibakiza kura moja.

Anza na matukio, siyo muhtasari. Hapo utaona tarehe muswada ulipopelekwa kamati, na kama umekaa humo miezi kumi bila kuguswa utalijua hilo kabla ya kusoma sifa zake. Nenda kwenye kamati. Upande wa Seneti ni kamati ya masuala ya makabila, ambayo vikao vyake mara nyingi huwa Jumatano saa 8 na nusu mchana kwa saa za Washington. Kwa aliye Nairobi au Dar es Salaam ni saa 3 na nusu au saa 4 na nusu usiku, kutegemea majira, na hurushwa mtandaoni. Halafu angalia waliouunga mkono, na kama wanatoka vyama vyote viwili. Not Invisible Act, pacha wa Savanna's Act aliyetiwa saini siku ileile, upande wa Baraza la Wawakilishi ulipelekwa na wabunge wanne ambao wote ni wa makabila: Deb Haaland na Sharice Davids wa Democratic, Tom Cole na Markwayne Mullin wa Republican. Muungano wa namna hiyo ndio unaoutoa muswada kamati.

Mwisho fungua maandishi yenyewe. Yapo matoleo kadhaa: la kupelekwa, la kamati, la kupitishwa na chumba kimoja, la mwisho. Linganisha la kwanza na la mwisho, ukiwa na kalamu. Tafuta pale neno la lazima, "shall", lilipogeuzwa kuwa la hiari, "may". Neno hilo moja huamua kama ofisa atatakiwa kufanya kazi au ataombwa tu.

Fungua akaunti, bonyeza kitufe cha kupata arifa, utaletewa barua pepe muswada ukisogea. Usitegemee arifa peke yake, kwani hazitakuambia kwamba maudhui ya muswada wako yamehamia ndani ya muswada mwingine. Kwa hilo pitia sehemu ya miswada inayohusiana mara moja kwa mwezi. BADGES for Native Communities Act, unaolenga kusaidia makabila kuajiri polisi na kuunganisha taarifa na NamUs, ulipelekwa mara ya kwanza mwaka 2019 na umekuwa ukirudishwa tena na tena. Uwekee mstari mmoja wenye namba zake zote, siyo mstari mpya kila unaporudi.

Hatua ya 5: Majimbo

Huku mambo huenda haraka zaidi, na huku ndiko ninakoshauri anayeanza aweke nguvu. Tovuti ya LegiScan inakusanya miswada ya majimbo yote 50, lakini kalenda ndiyo kila kitu. Bunge la Montana hukutana mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa siku zisizozidi 90. Washington hukaa siku 105 mwaka mmoja na 60 mwaka unaofuata. Ukichelewa wiki tatu umekosa kikao kizima.

Washington lilikuwa jimbo la kwanza kuanzisha tahadhari maalumu ya mwenyeji wa asili aliyepotea, kwa sheria ya Machi 2022. California ikafuata na Feather Alert, iliyotokana na muswada AB 1314 wa mbunge James Ramos na kuanza kazi Januari 2023. Angalia kilichofuata California, maana ni somo zuri kuliko sheria yenyewe: makabila yaliomba tahadhari na kukataliwa mara nyingi, na mwaka 2024 ukapita muswada mwingine wa Ramos, AB 1863, wa kurekebisha utaratibu ili kabila liweze kupeleka ombi moja kwa moja kwa polisi wa barabara kuu wa jimbo. Aliyeishia kwenye AB 1314 ya mwaka 2022 anaandika kwamba California "ina mfumo". Aliyeendelea anajua ulikwama wapi.

Minnesota inafaa kuangaliwa kwa sababu nyingine. Ilianza na kikosi kazi mwaka 2019, na mwaka 2021 ikaunda ofisi ya kudumu, ya kwanza ya aina yake nchini. Kikosi kazi kina tarehe ya kufa. Ofisi ina bajeti na mlango. Kila unapoona neno kikosi kazi, tafuta tarehe ya mwisho wake uiandike kwa wino mwekundu.

Hatua ya 6: Kanada

Tovuti rasmi ni LEGISinfo, ndani ya parl.ca. Herufi C ni muswada wa Baraza la Wawakilishi, S ni wa Seneti. Namba hadi C-200 ni za serikali. Kuanzia C-201 ni za wabunge binafsi, ambazo hupita kwa nadra. Muswada husomwa mara tatu katika kila chumba, ukipitia kamati, kisha hupata idhini ya kifalme. Hata hapo angalia kifungu cha kuanza kutumika, kwani sheria nyingine husubiri amri ya serikali.

Bunge likiahirishwa kwa kufungwa kikao, kama alivyofanya Justin Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo, tarehe 6 Januari 2025, miswada ya serikali iliyokuwa njiani hufa. Ya wabunge binafsi huendelea, ila likivunjwa kwa uchaguzi, kama Machi mwaka huohuo, zote huondoka. Siku hizo mbili ni za kupitia jedwali zima upya.

Lakini Kanada kipimo kikuu ni ripoti ya uchunguzi wa kitaifa kuhusu wanawake na wasichana hawa, ya tarehe 3 Juni 2019, chini ya Marion Buller, yenye Wito wa Haki 231. Tengeneza safu inayounganisha kila muswada na wito unaoujibu. Wito 1.7 unataka msimamizi huru wa haki za wenyeji wa asili, wito 1.10 unataka chombo huru cha kutoa taarifa bungeni kila mwaka kuhusu utekelezaji. Muswada usiogusa wito wowote, jiulize umetoka wapi.

Hatua ya 7: Baada ya saini ndipo kazi inapoanza

Chukua maandishi ya sheria, uchambue kila agizo: nani ameagizwa, afanye nini, hadi lini, atoe taarifa kwa nani. Not Invisible Act iliagiza iundwe tume yenye manusura, familia, viongozi wa makabila na vyombo vya dola. Wajumbe walitakiwa wawe wameteuliwa ifikapo Februari 2021. Mwishoni mwa mwaka 2021 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, iliripoti kwamba bado. Walitangazwa Mei 2022. Mwaka 2023 tume ilizunguka ikisikiliza ushahidi, na ripoti yake, Not One More, ikatoka Novemba 1 mwaka huo. Wizara za Sheria na Mambo ya Ndani zilitoa majibu Machi 2024.

Ona tarehe hizo kwa macho ya mama anayemtafuta binti yake. Zaidi ya mwaka ulipita kati ya siku iliyowekwa na sheria na siku wajumbe walipotajwa, na hakukuwa na kura ya kupinga wala hotuba ya kukataa. Ucheleweshaji hauandikwi kwenye ukurasa wa muswada. Pale pameandikwa "imekuwa sheria", basi. Ni wewe mwenye jedwali ndiye utakayeuona, kwa sababu uliandika Februari 2021 na Februari ikapita. Siku hiyo andika barua kwa mbunge, au habari, au swali la kamati. Barua inayotaja kifungu na tarehe iliyopitwa hujibiwa upesi kuliko barua ya uchungu peke yake.

Fedha zifuatilie mbali. Sheria inaweza kuruhusu matumizi bila kutoa fedha. Zinatolewa kila mwaka kwenye miswada ya matumizi, ule wa Mambo ya Ndani kwa BIA na ule unaobeba Wizara ya Sheria. Soma pia ripoti ya kamati inayoambatana na muswada, kwani humo ndimo wabunge huandika ni kiasi gani kiende kwenye kesi hizi.

Hatua ya 8: Hifadhi nakala yako

Mapema mwaka 2025 ripoti ya Not One More iliondolewa kwenye tovuti ya Wizara ya Sheria ya Marekani, baada ya agizo la rais kuhusu masuala ya jinsia. Ripoti iliyoagizwa na sheria, yenye ushahidi wa manusura waliosimama mbele ya watu wakasema yaliyowakuta. Kila hati unayoitumia, ipakue siku hiyohiyo, iandike tarehe, kisha uingize anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi nakala za kurasa za mtandao. Weka nakala mahali pawili. Kiungo si ushahidi.

Hatua ya 9: Unapotoa jedwali lako hadharani

Majina ya sheria hizi ni majina ya watu waliokuwa na wazazi. Yaandike kamili, taja taifa la mtu, na usiweke jina la aliyepotea ambalo familia yake haijalitoa hadharani. Mtu wa roho mbili mwandike kwa jina alilojiita, hata kama hati ya polisi inasema jingine. Makabila mengi yana taratibu zao kuhusu takwimu za watu wao. Ukiona hifadhidata inayosimamiwa na wenyeji wenyewe, omba ruhusa, usichote tu.

Kila mstari uwe na tarehe uliyouhakiki mara ya mwisho. Jedwali lisilo na tarehe linampotosha msomaji, na huyo msomaji anaweza kuwa dada wa mtu, anayetaka kujua kama ofisa anayezungumza naye kwa simu leo analazimika kisheria kuipokea taarifa yake au la.